Ofisi ya mabati, saa nane mchana

SWALI: Shikamoo mzee. Ofisi yetu hapa Gulu ni ya mabati, haina dari, na dirisha linatazama magharibi. Tuna pazia zito na feni, lakini Januari hii kuanzia saa nane hakukaliki. Tununue feni ya pili?
Karani, Gulu

JIBU: Marahaba mwanangu. Feni ya pili acha kwanza. Feni haipozi hewa, inapoza ngozi yenye jasho. Chumba kikiwa kitupu inakula umeme bure. Adui yenu yuko juu. Bati likipigwa na jua huwa kikaango, na bila dari joto lote linawashukia kichwani. Mwombeni mwenye nyumba aweke dari, na aache matundu chini ya paa hewa moto itoke. Akisema hana pesa (na atasema), apake bati rangi nyeupe, inarudisha jua.

Pazia nalo liko upande usiofaa. Jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Tundikeni mkeka nje ya dirisha, kiganja kimoja kutoka ukutani ili upepo upite. Asubuhi na mapema fungueni kila kitu, hewa ingali baridi. Nje kukizidi ndani kwa joto, fungeni. Na birika la umeme, kama mnalo, lihamie barazani.