Chungu kimoja kimenishushia sukari

Jumatatu nimetoka kliniki na karatasi mkononi: 6.9. Wenzangu wa kisukari mnajua nasema nini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa asilimia. Mwaka juzi kilisoma 11.4. Nikaipiga picha, nikaitupia kwenye kundi la familia. Wifi yangu, yule aliyewahi kusema naumwa ugonjwa wa kujidekeza, hajajibu mpaka leo. Ameona lakini. Tiki za bluu hizo hapo.

Nilipogundulika nilirudi nyumbani na Metformin, vidonge vya kushusha sukari, na karatasi ya vyakula, nikaanza kupika vyungu viwili: changu dona na mchicha, chao wali wa nazi. Nakuna nazi, naupakua wali, naunusa, kisha nakaa pembeni na sahani yangu kama mwali. Nani ataweza hivyo maisha yake yote? Nikaanza kuiba. Ndiyo, mimi mtu mzima, usiku jikoni, taa imezimwa, nakwangua ukoko kwa kijiko nimesimama. Mume wangu naye akageuka polisi: umekula nini, umepima, hiyo chapati ya ngapi? Nikawa naandika 7 kwenye daftari wakati mashine ya kupima sukari imesema 13.

Tuliwekwa sawa na usiku mmoja. Nilishaanza insulini. Nikachoma sindano, tukagombana, nikasusa chakula. Saa tano natetemeka, jasho chapachapa, naongea visivyoeleweka. Mwanangu wa darasa la sita akachukua mashine, akanitoboa kidole: 2.8, sukari imeshuka mno. Akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu bilauri ya maji, akanishikia nikanywa. Kisha akakaa kuitazama saa ya ukutani dakika 15, bila kusema neno, akapima tena. 4.6. Mtoto yule alinisindikiza kliniki mara moja tu, na alimsikiliza nesi kuliko sisi wakubwa wote.

Asubuhi mume wangu hakuuliza nimekula nini. Alisema, "Kuanzia leo chungu kimoja." Dona, maharage, dagaa, mboga za majani, kwa wote. Wali Jumapili, tena wa kupimiwa. Watoto walinuna wiki mbili, wakazoea. Jioni tunatembea mpaka stendi na kurudi, na baba mwenyewe sasa anatoboa mkanda matundu mapya.

Sasa nyie wenye wagonjwa majumbani, nisikilizeni. Acheni upolisi, kuleni naye. Unamnunulia mama dawa kisha unafungua soda mbele yake, unataka yeye ale kwa macho? Kuleni naye! Nendeni naye kliniki, mjue sukari ikishuka mtu anakuwaje. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na mumwangalie nyayo kila jioni, maana miguu ikishaingia ganzi mtu anakanyaga msumari asijue, mpaka kidonda kinuke. Dawa nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Nilichokosa ni wa kula naye.

Jumamosi wifi anakuja kulala kwetu. Mimi bado kaninunia, ila kampigia kaka yake kumuuliza kama aje na soda zake.