Jibu: Ramani ya zamani ya Lushoto haiendani na GPS

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, una ramani ya 1:50,000 ya upande wa Lushoto, umesimama vijito viwili vinapokutana, lakini namba za UTM (namba za mita zinazotaja mahali) za simu ukizitafuta kwenye ramani zinakuangusha karibu mita 300 kusini, na mashariki kidogo.

Anza na pambizo ya chini. Ukikuta maneno Arc 1960 (msingi wa zamani wa kuhesabia mahali) na Clarke 1880 (umbo la dunia lililotumiwa na msingi huo), tatizo umelipata. Simu inahesabu kwa WGS84, msingi unaotumiwa na GPS, ambayo mchora ramani hakuwa nayo, kwa hiyo namba zile zile zinataja mahali pawili. Badili mpangilio wa programu ya ramani ya simu uwe Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, chagua EPSG 21037, ndiyo namba ya mpangilio huo huo. Mimi hufanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na mara nyingi hapo hapo mambo hukaa sawa.

Ukiskani karatasi, funga picha, yaani ipe namba za mahali, kwa makutano ya mistari ya gridi (miraba iliyochorwa juu ya ramani). Usitumie mito, maana bondeni mito huhama. Soma pia kama kontua (mistari ya mwinuko) ni za futi au mita.

Nakuomba sana: usiipeleke ramani hiyo kwenye ugomvi wa mpaka na jirani. Milimita moja ni mita 50 ardhini, na mipaka ya mashamba ya wanakijiji haikuchorwa humo. Kwa kujua bonde, njia na makazi ya zamani, ni hazina.

Tupia picha ya pambizo hapa tuione.