Gari la Mbele Limeganda Kulia: Nipite Kushoto?

MASWALI YA BARABARANI
Anajibu dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, sasa mwalimu wa udereva, Mbeya

Shikamoo mzee. Nafanya biashara ya viazi hapa Uyole, na nikishuka Dar naendesha Noah yangu mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa na shemeji yangu anayeishi Leicester, Uingereza, amekuja likizo. Tulipofika zile njia nane za Kibaha kuingia Kimara tukamkuta mtu na kigari chake, kakaa leni ya kulia kabisa, anakwenda mwendo wa harusi, na kushoto kwake kweupe. Nikampiga taa, wapi! Nikahamia kushoto, nikampita, nikarudi kulia mbele yake. Shemeji akawaka, eti kwao polisi wangenisimamisha. Nikamwambia mwenye kosa ni yule aliyeziba njia. Mpaka tunafika Mbezi hakuna aliyemsemesha mwenzake. Sasa na huku kwetu Nsalaga mpaka Ifisi panapanuliwa njia nne, naona mchezo huo utatufuata. Nani mwenye haki?
Muuza viazi, Uyole

Marahaba mwanangu. Shemeji yako kakushinda, ingawa na wewe hukukosa yote.

Tuanze na huyo wa kigari. Kanuni tuliyofundishwa ni kukaa kushoto na kupita kulia. Leni ya kulia si ya wakubwa wala si ya wenye magari mapya, ni ya kupitia. Ukishapita unarudi kushoto. Kwa hiyo yeye ana kosa, na hata huko kwa shemeji lingehesabika. Tangu mwaka 2013 polisi wa Uingereza wanaweza kumtoza papo hapo pauni 100, pamoja na alama 3 kwenye leseni, mtu anayeng'ang'ania leni ya katikati au ya kulia bila sababu.

Lakini usidhani kila anayeganda kulia ana kiburi. Leni ya kushoto kwetu ina mambo yake. Malori yanaikanyaga mchana na usiku mpaka lami inabonyea, matairi ya gari dogo yanatumbukia kwenye yale mabonde na usukani unaanza kukuvuta. Ongeza daladala inayosimama bila indiketa, bodaboda, mwenye baiskeli na gunia lake la mkaa, na mama anayevusha watoto. Dereva mwoga anakimbilia kulia, na akishafika huko harudi. Simtetei. Nakueleza tu kwa nini taa zako hazikumsaidia kitu: kichwani mwake yuko mahali salama, na wewe nyuma ndiye mkorofi.

Sasa tuje kwako. Shemeji lazima anaijua M1, ile barabara yao kuu ya mwendo kasi, maana inapita jirani na Leicester. Kwenye barabara za aina hiyo kitabu chao cha kanuni kinasema usimpite mtu kwa kushoto, na usihame leni kwenda kushoto ili umpite. Wanaacha mlango mmoja. Magari yakijaa leni zote na foleni inatambaa, ya kushoto ikawa inasogea haraka kuliko ya kulia, unaruhusiwa kwenda na leni yako. Hapo hujampita mtu kwa ujanja, foleni yako ndiyo imetembea. Ulichofanya wewe ni kitu kingine: ulitoka kulia, ukaingia kushoto, ukapita, ukakata tena kulia mbele ya pua yake. Hicho ndicho kilichomuwasha shemeji, na mimi ningekuwa kwenye kiti chako cha nyuma ningewaka vilevile.

Na wenzetu wale barabara yao haina mtembea kwa miguu, haina baiskeli, na hakuna anayesimama kununua mahindi ya kuchoma. Kama wao, kwenye leni safi namna hiyo, wanaogopa kupita kushoto, sisi wa Igurusi na Chimala tuna sababu mara kumi.

Kubwa kuliko yote ni jicho la yule unayempita. Njoo upande na mimi kwenye semi, ukae kiti cha dereva. Usukani uko kulia. Kioo cha kulia kiko hapo karibu, barabara yote ya upande huo unaiona. Cha kushoto kiko mbali, na chini yake, pale usawa wa mlango wa utingo, kuna eneo ambalo hata Noah nzima inamezwa. Nawaweka wanafunzi wangu kwenye kiti kile, namwambia mwenzao asogeze gari dogo taratibu ubavuni kushoto, halafu nawauliza liko wapi. Wanatafuta. Mmoja alisema limeondoka. Lilikuwa chini yake, injini inanguruma. Dereva aliyeko leni ya kulia akikumbuka kurudi kushoto, anarudi akijua upande ule hakuna mtu wa kumpita. Wewe ndiye utakayekuwa humo.

Halafu kuna kona. Trela haifuati njia ya kichwa, inakata kwa ndani. Kitonga, lori likipanda kwa gia ya kwanza na kona inaelekea kushoto, kichwa kinatanuka kidogo kuelekea katikati. Hapo kushoto panaonekana peupe, na wenye haraka wanapaona kama wamealikwa. Sekunde chache baadaye matairi ya nyuma ya trela yanakuja kulifunga lile pengo taratibu kabisa, na wewe upo kati ya chuma na ukuta wa mlima. Dereva wala hajageuza usukani kukufuata.

Basi ukimkuta aliyeganda kulia, achia nafasi, mpige taa mara moja, subiri. Wengi wanaamka. Asipoamka, na huna foleni, kaa zako leni ya kushoto kwa mwendo wako wa halali. Ukijikuta unasogea mbele yake polepole bila kukata wala kurudi kulia puani pake, hiyo ni hadithi nyingine, ila ubavuni kwake usikae, na kidole kiwe kwenye honi. Kumkaba nyuma kwa fuli mpaka ahame usithubutu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Akishtuka akakanyaga breki, wewe ndiye uliyemgonga nyuma, na maelezo ya nani alikuwa ameziba njia utayatoa ukiwa umekaa kwenye benchi la trafiki.

Mwambie shemeji namsalimu.

Mjomba, habari za kazi. Natoka Makambako naendesha kirikuu kupeleka mbao. Wenye malori wakiwasha indiketa ya kushoto maana yake pita, ya kulia maana yake usipite. Juzi kabla ya Ifunda, kwenye ukungu, lori liliwasha kushoto, nikatoka, nikakutana na basi. Namshukuru Mungu tu. Kwani ile alama siyo sheria?
Kijana wa mbao, Makambako

Pole sana mwanangu. Siyo sheria. Ni wema wa barabarani, na mimi nimewasaidia wengi kwa alama hiyohiyo nilipokuwa kwenye lori. Lakini indiketa ya kushoto kazi yake ni kusema nakata kushoto au nasimama pembeni, na siku ile labda alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha. Hata kama alikuita kweli, yeye anahesabu kwa gari analolidhania, na kirikuu iliyojaa mbao za Makambako haichomoki kama Noah tupu.

Piga hesabu mwenyewe. Semi ina urefu wa mita 18 hivi, inakwenda 60, wewe unakwenda 80. Kuanzia unapotoka nyuma yake kwa nafasi ya heshima mpaka urudi mbele yake kwa nafasi ya heshima, utatumia kama sekunde 11. Hapo umeshakula karibu mita 250. Basi linalokuja mbele nalo, kwa 80 yake, limekula kiasi hichohicho. Unahitaji nusu kilomita ya lami unayoiona kwa macho yako. Kwenye ukungu wa Ifunda asubuhi huioni hata robo yake, basi hapo hakuna kupita, awashe kushoto, awashe kulia, atoe mkono dirishani.

Jambo moja zaidi kwa wanaopishana na magari ya transiti ya njia ya Tunduma: Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo ukikuta lori lenye usukani kushoto, upande wake wa giza ni kulia, palepale unapopitia. Hakikisha umeona uso wa dereva kwenye kioo chake kabla hujatoka. Usipouona, naye hakuoni.

Mzee wetu, mke wangu anajifunza gari. Kwenye foleni ya Mafiati, kila akitaka kukata kushoto bajaji na bodaboda zinamtanua kwa ndani. Anatetemeka mpaka analizima gari. Tufanyeje?
Mume mwenye wasiwasi, Soweto, Mbeya

Kwanza wewe nyamaza ukiwa kiti cha pembeni, maana nahisi nusu ya tetemeko inatoka hapo. Yeye awashe indiketa mapema, mita 30 au 40 kabla ya kona, huku akiliegemeza gari kushoto karibu na ukingo kiasi kwamba bajaji haina pa kuingia. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume: wanatanuka kulia kwanza kama wenye semi, wanafungua mlango, halafu wanashangaa walioingia. Atazame kioo cha kushoto, ageuze na shingo. Na dirisha la upande huo liwe wazi kidogo, kwani bajaji utaisikia kabla hujaiona.