Maswali ya Wasomaji: Nianze na Kifaa Gani Kupiga Picha za Wadudu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kamera ya kubadilisha lenzi yenye sensa (kipande kinachopokea taswira) ya ukubwa uitwao APS-C, pamoja na lenzi mbili: ya 18–55 mm iliyokuja nayo na nyingine ya 50 mm. Ninatamani kupiga picha za wadudu na maua kwa karibu sana, lakini bei ya lenzi ya makro inazidi ile niliyonunulia kamera yenyewe. Nimeonyeshwa pete za kurefushia lenzi, vioo vya kukuzia vinavyofungwa mbele ya lenzi, na pete ya kugeuzia lenzi, inayoifunga lenzi kinyumenyume kwenye kamera, na kila muuzaji anasifu chake. Nichukue kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa vifaa ulivyonavyo, chukua pete za kurefushia lenzi zenye viunganishi vya umeme, uzitumie na hiyo lenzi ya 50 mm, na fedha itakayobaki uinunulie flashi. Lenzi ya makro iache kwanza.

Pete hizi hazina kioo ndani. Ni bomba tupu linalokaa kati ya kamera na lenzi, na kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa ili iweze kulenga kitu kilicho karibu zaidi; ndiyo maana pete za bei ndogo, mradi zimeshika imara, hutoa picha isiyotofautiana na ya pete ghali. Ukitaka kujua zitakukuzia kiasi gani, gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya mm iliyoandikwa juu yake. Seti ya kawaida huwa na pete tatu za 12, 20 na 36 mm. Ile ya 36 mm peke yake kwenye lenzi ya 50 mm inakupa ukuzaji wa takriban 0.7, ambapo kitu chenye upana wa sentimita tatu hivi kinajaza fremu ya kamera yako. Ukiziunganisha zote tatu unapata 68 mm, nao ukuzaji unapita 1:1, yaani taswira inayoangukia kwenye sensa ni kubwa kuliko mdudu mwenyewe, na nyuki mmoja anaenea karibu ukingo hadi ukingo. Usizijaribu kwenye lenzi ya 18–55 ikiwa imewekwa 18 mm, kwa sababu mahali pa kulenga patakuja kugusa kioo cha mbele au hata kuingia ndani ya lenzi.

Nimesisitiza viunganishi vya umeme kwa kuwa mimi mwenyewe nilianza na pete zisizokuwa navyo, baada ya muuzaji mmoja kunihakikishia kwamba tofauti ni bei tu. Pete za namna hiyo hukata mawasiliano kati ya kamera na lenzi, na katika mfumo niliokuwa nikitumia, tundu la lenzi linalopitisha mwanga lilibaki wazi kabisa kwenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Nilipiga picha za inzi mchana kutwa. Katika picha iliyokuwa bora kuliko zote, jicho moja lilionekana vizuri hadi vitundu vyake, na jicho la pili, lililokuwa nyuma kidogo tu, lilikuwa ukungu mtupu. Hata kwenye f/8, ukifika ukuzaji wa 1:1, unene wa eneo linaloonekana kwa uwazi kwenye kamera ya aina yako haufiki milimita moja. Sasa fikiria f/1.8.

Hapo ndipo flashi inapoingia, na ndipo wanaoanza wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa hutumia fedha yote kwenye kioo wakasahau mwanga. Unahitaji tundu dogo, f/8 au f/11, ili sehemu kubwa ya mdudu ionekane wazi, lakini kadiri unavyokuza ndivyo mwanga unavyopungua wenyewe: katika 1:1 sensa inapata robo tu ya mwanga ambao ingeupata kwa tundu lilelile ukilenga mbali. Jua la asubuhi halitoshi, na ukiongeza muda wa kupiga, upepo mdogo unatikisa jani. Flashi ya kawaida isiyo na mambo mengi, ikipunguzwa nguvu hadi 1/16, huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/4000 ya sekunde, na huo ndio unaomgandisha mdudu. Anza na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 200, muda wa 1/200 ya sekunde na f/8, kisha urekebishe nguvu ya flashi peke yake.

Usiiache flashi wazi, hata hivyo. Mpige dundu mwenye mgongo unaong'aa bila kisambaza mwanga, nawe utaona doa jeupe kali lililofuta rangi yote mahali lilipo. Weka kati ya mdudu na flashi karatasi nyeupe au kile kifungashio chembamba cha sponji kinachozungushiwa vyombo vya kioo, doa hilo litageuka kuwa mng'ao mpana na laini. Kisambaza mwanga kiwe kikubwa na kiwe karibu na mdudu. Changu nilikitengeneza kwa kadibodi na utepe wa gundi, hakipendezi hata kidogo, na sijaona sababu ya kukibadilisha.

Kuhusu vile vioo vya kukuzia, ningekushauri kuvinunua kama ungekuwa na lenzi ndefu, tuseme ya 200 mm, kwa kuwa hapo ndipo vinapofanya kazi nzuri: kioo cha dayopta (kipimo cha nguvu ya kioo) +4 kwenye lenzi hiyo kinakupa ukuzaji wa 0.8 ukiwa umbali wa sentimita 25 hivi, bila kupoteza mwanga wowote wa maana. Chagua kile chenye vioo viwili au zaidi ndani yake, kama Raynox DCR-250 ambayo ni +8, kwa kuwa vile vya kioo kimoja huacha rangi za zambarau kwenye kingo. Pete ya kugeuzia ndiyo ya bei rahisi kuliko vyote na hukuza sana, ila inafaa kwa lenzi ya zamani yenye pete ya kurekebishia tundu kwa mkono.

Jihadhari pia na neno «makro» lililoandikwa kwenye lenzi za zumu, kwani nyingi kati ya hizo huishia 1:3 au 1:4. Tazama namba ya ukuzaji, si jina.

Siku utakapochoka kukaribia mdudu hadi sentimita chache naye akaruka kabla hujapiga, hapo tafuta lenzi ya makro ya 90 au 100 mm iliyokwisha kutumika. Ya kulenga kwa mkono inatosha, kwa kuwa katika ukuzaji huu utakuwa unalenga kwa kusogeza mwili mbele na nyuma taratibu.