Maswali na majibu: Waranti ya ziada ya gari, ulipe au usilipe?

Maswali ya mara hii yamejaa neno moja: waranti, yaani ahadi ya kulipiwa matengenezo gari ikiharibika. Anayeagiza gari Japan anaulizwa kama aongezewe waranti. Anayenunua yadi anawekewa karatasi ya waranti chini ya ankara, na mwenye gari mpya anapigiwa simu waranti ya kiwanda ikikaribia kwisha. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Assalaam aleikum. Nimechagua Toyota IST ya 2005. Muuzaji anataka niongeze shilingi 1,100,000 kwa waranti ya mwaka mmoja ya injini na giaboksi. Mwisho wa kulipwa ni 1,500,000 kwa mwaka, na kila dai nachangia 250,000 mwenyewe. Nichukue? – Msomaji, Fuoni

Wa aleikum salaam. Usichukue, na hesabu fanya mwenyewe hapo hapo yadi. Gari ikiharibika mara moja na fundi akadai 800,000, wao wanatoa 550,000 na wewe umeshatoa 1,100,000. Ili urudishe tu ulicholipa, dai moja linatakiwa lifike 1,350,000. Na hata mambo yakiharibika kupita kiasi, hawalipi zaidi ya 1,500,000. Kwa hiyo, bahati mbaya yote ya mwaka mzima ikikuangukia, faida yako haizidi 400,000. Umenunua tikiti ambayo zawadi yake kubwa haifiki nusu ya bei ya tikiti.

Halafu tazama gari yenyewe. IST ya umri huo ina injini ya cheni, si ya belti, na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Injini ya 1NZ inakula lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, na ukiibadilisha kwa wakati ni nadra ikufie. Kinachokwisha kwenye gari ya miaka 20 ni bushi, shokomzoba, boljointi, mipira ya injini, pampu ya maji, sensa na waya zilizokauka. Soma karatasi yako ukurasa wa pili: vyote hivyo havimo.

Hiyo milioni na laki moja ipange hivi. Siku ya kwanza badilisha oili ya injini, filta, maji ya rediyeta, plagi na belti ya nje. Inayobaki iweke pahala usipoigusa. Mwakani kama haikutumika bado ni yako. Ile ya muuzaji, itumike isitumike, imekwenda.

Gari imekaguliwa Japan kabla ya kupakiwa na cheti ninacho. Si ndiyo waranti hiyo? – Wasomaji watatu

Siyo. Ukaguzi unasema gari ilikuwaje siku ile ilipotazamwa. Hauahidi chochote kuhusu kesho yake.

Na bima kubwa? Nayo si inalipa gari ikiharibika?

Bima kubwa inalipa ajali, wizi na moto. Giaboksi ikijifia yenyewe barabarani hiyo si ajali. Swali hili linakuja kila mara kutoka kwa mtu ambaye bima ameshaikata na karatasi yake hajaifungua. Ifungue leo.

Karatasi yangu inasema inalinda "sehemu za ndani za injini zinazopata oili". Muuzaji anasema maana yake injini nzima. Kweli?

Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Sehemu za ndani zinazopata oili ni pistoni na ringi zake, krenki na beringi zake, kamshafti, vali, cheni na pampu ya oili. Hazimo alternata, stata, nozeli, koili, pampu ya petroli, kompyuta ya gari, sensa, rediyeta wala feni yake. Mara nyingi gasketi na sili nazo zinatajwa kuwa nje, isipokuwa zikibadilishwa pamoja na sehemu iliyomo. Yaani injini ikivuja oili kwenye sili ya krenki, ugonjwa wa kawaida kabisa wa gari ya mtumba, hulipwi.

Kabla ya kutia saini tafuta mambo haya kwenye karatasi. Je, imetaja sehemu zilizomo, au imetaja zisizomo? Ya pili ni bora, kwani kisichotajwa kimo. Kuna muda wa kungoja? Nyingi zinakataa madai ya siku 30 za mwanzo, na kasoro ya mtumba huanza kujitokeza katika siku hizo hizo. Ufundi unalipwa, au spea peke yake? Spea ni mpya au ya mtumba? Na anayelipa ni nani: muuzaji, au kampuni nyengine ambayo jina lake unalisoma kwa mara ya kwanza pale pale? Waranti ni ahadi, na ahadi haizidi aliyeitoa. Yadi ikifungwa, nenda kaidai karatasi.

Ahadi ya mdomo usiihesabu. "Gari ikisumbua niletee" inaishia getini. Akikataa kuiandika na kuipiga muhuri, ujue ameshakujibu. Iliyoandikwa ikivunjwa, pa kupeleka malalamiko papo: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Nenda na mkataba na risiti, usiende na hadithi.

Nipo Wete. Waranti niliyouziwa inataka gari itengenezwe kwenye gereji yao Mjini, Unguja. Nifanye nini? – Msomaji, Pemba

Kama siku za kurudisha hazijapita, rudisha leo. Gari iliyokufa giaboksi haijipandishi melini. Utalipa gari ya kuivuta, nauli ya kuivusha, kuivuta tena kutoka bandarini, halafu unangoja wiki bila gari. Ikitokea wakakataa dai, unalipa mwendo wote ule kurudi. Kwa mkaazi wa Pemba sharti ni moja: gereji iliyoandikwa kwa jina, iliyopo Chake Chake, Wete au Mkoani, au kibali cha maandishi kwamba fundi wako wa huko anaweza kufanya kazi nawe ukarudishiwa kwa risiti. Pasipo hivyo, bei yoyote ni ghali.

Nina RAV4 naikodisha kwa wageni Jambiani. Waranti ninayo, dai limekataliwa kwa sababu ni "gari ya biashara". Ni haki?

Ikiwa imeandikwa, ni haki yao. Waranti nyingi za gari ndogo zinaondoa kukodisha, teksi na daladala, na ukificha wakati wa kununua wanaweza kuifuta yote. Ya biashara ipo ila bei yake ni nyengine. Kabla ya kuinunua jiulize kwanza nani anaendesha gari yako. Mgeni anaona pwani imekupwa, mchanga mgumu, anashuka nayo hadi majini. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye beringi za magurudumu, plagi za umeme na breki, hakuna karatasi itakayokulipa. Andika kwenye mkataba wa kukodi kwamba kushuka pwani ni marufuku na amana itakatwa. Ikirudi, ioshe chini kwa maji baridi ya mfereji siku ile ile, si mwisho wa wiki.

Kutu nayo inalindwa?

Kwa gari ya mtumba hapa visiwani, hailindwi. Na acheni kupulizia oili chafu chini ya gari. Inalainisha na kuvimbisha bushi za mpira, na vumbi linaganda juu yake likahifadhi unyevu. Kwangua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu, kisha nta au dawa ya chini ya gari. Kabla ya kununua, ingia chini na bisibisi ugonge chesisi na vishikio vya springi. Mlio wa chuma ni salama. Mlio mzito kama wa kibao, pita.

Nimependa Nissan X-Trail ya 2009 yenye giaboksi ya CVT. Watu wananitisha. Waranti itanisaidia?

Hapa angalau swali lina mantiki. CVT haina gia za kuhesabika. Ina puli mbili na mkanda wa chuma, na inaishi kwa oili yake na kwa kutopata moto kupita kiasi. Marekani, Nissan yenyewe iliongeza waranti ya CVT za modeli za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa kitu kisichosumbua. Lakini waranti hiyo ilikuwa ya gari zilizouzwa kule. Yako iliyotoka Japan haipati kitu humo, usikubali muuzaji akuchanganye.

Ukipata waranti inayotaja CVT kwa jina, pamoja na bodi ya vali na kompyuta yake, yenye kiwango kinachofikia bei ya giaboksi ya mtumba na ufundi wake, na gereji ikawa hapa hapa, hiyo ifikirie. Karatasi iliyoandika "giaboksi" tu iulize kwa maandishi kama CVT imo.

Na uhakikishe oili. X-Trail hiyo inataka NS-2, oili ya Nissan ya giaboksi za CVT. Fundi akikutilia ATF ya kawaida, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, kwa hoja kwamba "oili ni oili", mkanda unateleza juu ya puli, unazikwaruza, unga wa chuma unazunguka ndani, na miezi haipiti giaboksi inavuma. Wenye waranti wakimimina oili na kukuta si yenyewe, dai limekufa. Nunua mwenyewe, baki na kopo na risiti.

Toyota Aqua, betri kubwa ya haibridi. Waranti?

Isome kama betri ya haibridi imetajwa. Kwa kawaida haimo, na bila hiyo waranti ya Aqua ni ganda tupu. Betri ile ina moduli 20, na inapoozwa kwa feni inayovuta hewa kwenye tundu lililopo siti ya nyuma. Vumbi letu na manyoya ya zulia yanaziba kichujio, betri inachemka, moduli moja inadhoofika na taa zote za dashibodi zinawaka. Safisha kichujio kila miezi sita, na usitupie mikoba wala kanga mbele ya tundu hilo. Fundi akikwambia abadilishe moduli moja, jua kwamba zile 19 za zamani zitafuata.

Gari ilichemsha Mwera, nikaongeza maji nikaendelea mpaka Mwanakwerekwe. Fundi akafungua, hedi gasketi imeungua. Wenye waranti wamekataa. Niwashitaki?

Utapoteza nauli, ndugu yangu. Umewapa sababu mbili. Ya kwanza, umeendelea kuendesha gari iliyochemsha. Hedi ni ya aluminiamu, ikipata moto inapinda, na karibu kila karatasi ya waranti inakataa madhara ya kuendelea kuendesha. Ya pili, injini imefunguliwa kabla wao hawajaiona, na hilo peke yake linatosha kulifuta dai.

Kwa wengine ambao bado: mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, simama, zima injini. Kifuniko cha rediyeta usikiguse mpaka kipoe, maji yake yanachoma uso. Piga picha dashibodi, taa na kilomita zionekane. Wapigie wenye waranti kabla ya fundi, omba namba ya kibali kwa ujumbe wa maandishi. Gari ivutwe, isiendeshwe. Fundi asifungue hata boliti kabla ya kibali. Sehemu zilizobadilishwa zidai, ziweke.

Halafu hilo "nikaongeza maji". Maji gani? Ya kisima yetu yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi: ukiona ukoko mweupe mdomoni mwa rediyeta, na ndani ya mirija umo huo huo. Tumia kulanti, ile dawa ya rediyeta, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama ya betri. Wakaguzi wa waranti huanza kuangalia hapo hapo.

Waranti yangu inataka sevisi kila km 5,000 au miezi 6. Gari inakwenda skuli na sokoni tu, kwa mwaka km 4,000. Si nasubiri zifike 5,000?

Husubiri. "Au" hiyo maana yake kinachotangulia, na kwako miezi ndiyo itakayotangulia. Safari fupi fupi ndizo zinazochafua oili, injini inazimwa haijapata joto la kutosha na unyevu unabaki ndani. Kila sevisi iwe na risiti ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) yenye tarehe, namba ya gari, kilomita na aina ya oili. Karatasi ya daftari aliyoandika fundi kwa mkono haisimami mbele ya mtu anayetafuta njia ya kutokulipa.

Pikapu mpya, waranti ya kiwanda miaka 3 au km 100,000. Wakala anauza miaka miwili zaidi. Tunafanya kazi ya ujenzi Fumba.

Nyinyi huenda ikawafaa, kwa sababu anayelipa ni wakala mwenye gereji na spea, na gari ina historia ya sevisi tangu siku ya kwanza. Hesabuni kilomita kwanza. Mkienda km 50,000 kwa mwaka, ya kiwanda inakwisha mwaka wa pili, siyo wa tatu, na nyongeza nayo ina kikomo chake cha kilomita. Ulizeni nyongeza inaanza kuhesabiwa lini: siku mnayolipa au siku ya kiwanda inapokwisha. Ulizeni pia kama nozeli na pampu ya dizeli zimo pale dizeli ikiwa na maji, maana kwenye saiti mafuta ya madumu hayakosi maji. Na msilipe leo kama wanaruhusu kununua mpaka siku ya mwisho ya waranti ya kiwanda. Kaeni nayo, mwone gari inasumbua wapi, ndiyo mwamue.

Nikiuza gari, waranti inahama na gari?

Ikiandikwa hivyo, na mara nyingi kwa ada na ndani ya siku chache za kubadilisha jina la kadi. La sivyo inakufa siku unayopokea pesa, na dalali anayeitangaza gari kwa maneno "bado ina waranti" akuoneshe kifungu.