Maswali ya anga: andika ulichokiona

Barua nyingi safari hii zinahusu nyota pacha zinazozibana, hasa Algol. Nimechagua chache.

*Mwalimu, shikamoo. Je, ni kweli Algol huonekana ikififia bila darubini? Nianzie wapi?* (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ni kweli kabisa. Desemba, mnamo saa nne usiku, elekea kaskazini utafute Kilimia. Algol iko chini yake, kushoto kidogo, katika kundinyota la Perseus. Kwa kawaida huwa na daraja la mwangaza 2.1. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, nyota mwenzake iliyo hafifu hupita mbele yake, nayo hushuka hadi 3.4. Kushuka na kupanda huchukua kama saa 10. Namba ikikua, nyota imefifia. Hili nimelieleza mara nyingi mno, tafadhali lishikeni.

Linganisha mwangaza wake na wa nyota zisizobadilika: Almach ya kundinyota la Andromeda (2.1), Epsilon ya Perseus (2.9) na Kappa ya Perseus (3.8). Ukiona mwangaza wa Algol umepita theluthi moja ya njia kutoka ule wa Epsilon kwenda ule wa Kappa, andika 3.2. Rho ya Perseus, iliyo jirani ya Algol, iache, maana nayo hubadilika, na ukiifanya kipimo utapima kwa rula inayonyumbuka. Tena jihadhari na nyota iliyoinama karibu na upeo: unyevu wa pwani huifanya ionekane hafifu kuliko ilivyo.

*Ninunue darubini gani?* (Wasomaji wengi)

Usinunue. Macho, daftari na saa sahihi vinatosha kwa mwaka mzima wa kwanza.

*Ratiba ilisema mwangaza wa Algol utafika chini kabisa saa 18:00. Nilitoka saa kumi na mbili jioni, jua halijazama hata! Ratiba ni mbovu?* (Msomaji, Nakuru)

Ratiba haina kosa, ndugu yangu. Ratiba hizo huandikwa kwa saa za dunia, UTC. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo 18:00 ni 21:00 kwetu, ambayo kwa Kiswahili ni saa tatu usiku. Kosa hili linaharibu kazi nzuri za watu wetu kuliko mawingu. Kwenye daftari andika UTC peke yake, na uiandike palepale, usingoje asubuhi. Mtu anayeandika "saa tatu" bila kusema ni saa tatu ipi amepoteza usiku wake.

Ukishaiona mara moja, mara nyingine utajipigia hesabu mwenyewe: ikifika chini kabisa leo saa 5:00 usiku, baada ya siku tatu itafika saa 1:49 usiku.

*Nyota yangu ikififia, ina maana bahati imepungua?*

Safu hii haipigi ramli.

*Mimi nilikadiria 2.6, lakini programu ya simu ilionyesha 2.1. Nisahihishe daftari?* (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapana, mwanangu! Programu nyingi huonyesha namba moja tu iliyohifadhiwa. Hazijui kwamba Algol iko katikati ya kufifia. Huenda wewe ndiye uliyekuwa sahihi, nawe unataka kufuta.

Mwaka 1782, katika mji wa York, Uingereza, kijana kiziwi aitwaye John Goodricke aliiona Algol imefifia. Waarabu walikuwa wameshaiita kichwa cha zimwi, na Mwitaliano Montanari alikwisha kuandika kwamba hubadilika, ila hakuna aliyekuwa amechapisha mpangilio wake. Goodricke aliifuatilia usiku baada ya usiku, akapata muda wa mzunguko, akapendekeza kwamba huenda kitu fulani huizunguka na kuiziba. Alikuwa na umri wa miaka 18. Uthibitisho ulikuja mwaka 1889, Vogel wa Ujerumani alipoupima mwanga wake kwa spektra, yaani kwa kuutenganisha katika rangi zake. Goodricke angesahihisha makadirio yake yafanane na vitabu vya wakati wake, angekuwa na nini cha kutuachia?

Kwa hiyo usitazame ratiba wala simu kabla ya kukadiria. Ukijua nyota "inapaswa" kuwa 3.4, jicho litakutii. Na usiku ambao haikufifia uandike pia, kisha utume vyote AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, kilichoanza mwaka 1911; hupokea kazi ya yeyote, popote.

*Epsilon ya Auriga itafifia lini?* (Msomaji, Kampala)

Huzibwa kila baada ya miaka 27 hivi. Mara ya mwisho ilikuwa 2009 hadi 2011, ngojea 2036.

*Kaskazini kwetu kuna mlima, Algol siioni. Nifanye nini?* (Msomaji, Mbeya)

Geukia kusini. Zeta ya Phoenix, isiyo mbali na ile nyota angavu Achernar, hushuka kutoka 3.9 hadi 4.4 kila baada ya siku 1.67. Ni hafifu kuliko Algol, kwa hiyo kaa mbali na taa, yape macho nusu saa yazoee giza, na simu uiache ndani.