Koncheto za fidla: maswali yenu ya wiki hii

Niligusia koncheto wiki iliyopita, ule utunzi ambao mpiga fidla mmoja husimama mbele ya okestra nzima, maswali yakamiminika. Nayajibu machache.

Ukiambiwa uchague moja tu?
Ya Beethoven, na sihitaji kufikiri. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna, Desemba 1806. Haianzi na fidla. Inaanza na timpani, zile ngoma kubwa za okestra: mapigo matano ya taratibu, kama mgeni anayebisha hodi na hana haraka ya kufunguliwa. Kisha okestra inashika usukani kama dakika tatu hivi, mwenye fidla yake kasimama tu, watu wanamtazama. Akiingia, haleti wimbo kwanza; anapanda ngazi, kidato kwa kidato, mpaka juu. Mimi hapo huacha chochote nilichoshika. Lakini wakati ule haikushika, ikapigwa kwa nadra karibu miaka 40, hadi 1844 mtoto wa miaka 12, Joseph Joachim, alipoipiga London, Mendelssohn akiongoza okestra.

Sijawahi kusikiliza muziki huu. Nianzie wapi?
Kwa Mendelssohn huyohuyo, koncheto ya E maina, aliyoimaliza mwaka huohuo. Hujakaa sawa kitini, fidla imeshaanza. Tega sikio sehemu ya kwanza inapoisha: okestra yote inanyamaza, inabaki basuni moja, zumari ndefu ya sauti nzito, imeshikilia sauti moja, na sauti hiyo inakuvusha hadi sehemu ya pili. Mwanya wa kupiga makofi hupati. Yote haifiki nusu saa.

Babu yangu alipiga fidla kwenye taarab Unguja. Ni chombo kilekile?
Ndicho, nyuzi nne na upinde. Kinachobadilika ni kazi. Kwenye taarab fidla huandamana na ala nyingine za nyuzi, kanuni na udi, katika wimbo mmoja, kila mpigaji akiupamba kwa mkono wake, na mwenye shughuli ni mwimbaji. Kwenye koncheto mwimbaji ni fidla yenyewe. Ila mpe babu asikilize sehemu ya pili ya koncheto ya Brahms. Wimbo mtamu anapewa obo, zumari ya okestra, kwanza, fidla inangoja zamu. Sarasate, bingwa wa fidla wa Hispania, alikataa kuipiga: asimame na fidla mkononi amsikilize mpiga obo? Nadhani mzee wa taarab asingenuna.

Mbona Tchaikovsky humtaji?
Haya, sasa nimemtaja. Koncheto yake naipenda, lakini mara moja kwa mwezi inanitosha. Hata hivyo mhakiki Hanslick, aliyeandika 1881 kwamba muziki ule unanuka masikioni, alivuka mpaka.

Ipi inakuliza?
Ya Alban Berg, 1935. Manon Gropius, binti wa rafiki yake Alma Mahler, alifariki kwa polio akiwa na miaka 18, na Berg akaiandika kwa kumbukumbu yake. Fidla inaingia kwa nyuzi zake nne wazi, mmoja baada ya mwingine, bila kidole kukandamiza popote, kama mtu anayepima iwapo chombo chake kiko sawa. Berg mwenyewe alifariki Desemba mwaka ule, kabla haijapigwa hadharani. Mwishoni fidla inapanda juu kabisa na kubaki hukohuko. Usiisikilize ndani ya daladala. Mimi nilijaribu, nikapitiliza vituo viwili.